Mvi: kuzifunika zote au kuzichanganya?

Mwanamke akitoka saluni siku aliyopaka rangi hakosi kupendeza. Hata mimi, niliyeanza kuota mvi nikiwa na miaka 32, siku ya kwanza nilikuwa narudi nyumbani Makorora, hapa Tanga, kwa miguu makusudi, nikikata Ngamiani barabara kwa barabara, watu wanione. Taabu ni siku ya ishirini. Siku ya ishirini inakukuta soko la Mgandini, umeinama kuchagua nyanya, mtandio umerudi nyuma, na muuzaji amesimama juu yako. Yeye ndiye anayeuona ule mstari mweupe katikati ya kichwa cheusi tii. Hasemi kitu. Anakuongezea nyanya moja na kukuita "bibi".

Kwa hiyo mtu akiniuliza afunike zote au achanganye, simwulizi anataka kuonekanaje akitoka saluni. Namwuliza siku ya ishirini atakuwa wapi, na nani atakiona kichwa chake.

Tuelewane kwanza maneno. Kufunika ni kupaka rangi ya kudumu, iwe kanta ya unga au rangi ya kopo na dawa yake, kutoka shina hadi ncha, pasibaki unywele mweupe hata mmoja. Kuchanganya ni kuziacha mvi zibaki kichwani ila zisipige kelele. Hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni rangi hafifu, inayofifia kidogo kidogo kila ukiosha. Mvi zinaikamata nusu nusu na kuonekana kama michirizi ya kahawia kati ya nywele nyeusi. Ya pili ni hailaiti: fundi anachomoa nyuzi nyembamba za nywele nyeusi, anazipunguza weusi kwa blichi, ili zikaribiane na zile nyeupe. Kuna fundi anayefanya zote mbili kichwa kimoja, na mara nyingi huyo ndiye anayejua kazi.

Vipimo

Nitapima kwa mambo sita: mvi ni ngapi na zimekaa wapi, mashina yakiota yataonekanaje, ngozi inakubali nini, nywele ni za asili au zina dawa ya kulainisha, safari za saluni kwa mwaka, na mkono wa fundi. Uzuri wa siku ya kwanza sijauweka, maana hapo njia zote mbili zinafaulu.

Mvi ngapi, na wapi

Simama mlangoni asubuhi na kioo cha mkononi. Bana nywele kumi pale panja, hesabu nyeupe. Rudia utosini, kisha mwombe mtu akuhesabie kisogoni. Wengi wetu panja ndizo zinazotangulia, utosi unafuata, kisogo kinachelewa, kwa hiyo usimpe fundi jibu moja kwa kichwa kizima. Na usizinyofoe. Ukinyofoa moja hazioti saba kama tulivyoambiwa utotoni, kwa sababu kitundu kimoja hutoa unywele mmoja, lakini ukizoea unaweza kupata panja tupu, na panja tupu haina rangi ya kuiponya.

Kufunika hakujali idadi. Ziwe mbili katika kumi au tisa, zote zinazama. Kwa mwenye tisa katika kumi anayetaka weusi wake urudi, hakuna njia nyingine. Ila mvi zina ubishi: nyingi ni ngumu na hazishiki rangi upesi, ndiyo maana mafundi hutumia dawa ya kufungulia yenye nguvu ya asilimia 6, ile inayoandikwa 20 kwenye chupa, na kuacha rangi ikae muda wote ulioandikwa kwenye boksi. Ukiosha mapema kwa sababu simu imeita, panja zitabaki na kivuli cha njano.

Kuchanganya kunanoga mvi zikiwa kati ya tatu na tano katika kumi, tena zikiwa zimetawanyika. Zikiwa chini ya moja, hakuna cha kuchanganya, weka hela yako. Zikizidi saba, hesabu inageuka: sasa nyeusi ndizo chache, na fundi hutia michirizi ya giza badala ya mwanga. Hapo panataka mtu mwenye jicho. Na zikiwa zimejikusanya mahali pamoja, kama yule mwenye kishungi cheupe kimoja mbele, kuchanganya hakumsaidii sana. Akipende tu, au akifunike.

Siku ya ishirini

Unywele wetu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, au pungufu kidogo. Siku ya ishirini una nusu sentimita ya shina jipya.

Kwa aliyefunika, nusu sentimita hiyo ni mpaka. Juu nyeusi, chini nyeupe, mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula. Nywele za kipilipili zinaustahi kidogo kwa sababu zinajikunja, ila ukisuka twende kilioni kila njia inautangaza. Nywele zilizolainishwa hazistahi kabisa. Na uliyezoea weusi wa namba 1, mpaka wako ni mkali kuliko wa aliyechagua namba 3 au 4, ambazo ni kahawia za giza. Namba hizo zimeandikwa kwenye boksi, 1 ikiwa nyeusi kabisa na 10 ikiwa nyepesi kuliko zote, lakini tunanunua kwa picha ya msichana aliye juu ya boksi.

Kwa aliyechanganya, nusu sentimita hiyo haina mpaka. Kichwa tayari kina nyeupe, kahawia na nyeusi, kwa hiyo mvi mpya inaingia kama mgeni kwenye shughuli yenye watu wengi, hakuna anayemwuliza katoka wapi. Bei ya raha hiyo ni kwamba mvi unazo, na watu wanajua unazo. Kama moyo wako haujakubali, kuchanganya kutakuchosha kila ukitazama kioo, hata kama kazi ni safi.

Nilielewa jambo hili kwa jirani yangu mmoja. Alifiwa na mumewe akiwa mtu wa kanta kila mwezi, miaka kumi na zaidi. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hana hina, hana wanja, hana kanta. Alipotoka tukaenda kumwogesha na kumvisha, akavua ushungi. Utepe mweupe wa karibu vidole viwili umezunguka kichwa chote, halafu chini yake nywele nyeusi kama za msichana. Alijitazama akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, akasema, "Shoga, kumbe mimi ndiye huyu." Hakutaka kurudi kwenye kanta, wala hakutaka kutembea na utepe. Fundi wake alimtia nyuzi nyembamba za mwanga kwenye ile sehemu nyeusi, mara tatu kwa muda wa miezi minane hivi, akikata ncha kila mara, mpaka mpaka ukapotea. Ndiyo kazi ambayo kufunika hakuwezi kuifanya: kumtoa mtu kwenye rangi bila kumpitisha kwenye utepe.

Ngozi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanaumia.

Rangi nyeusi za kudumu, kanta ikiwemo, nyingi zina kemikali inayofupishwa PPD. Ndiyo inayotoa weusi, na ndiyo inayowawasha wenye mzio nayo. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 ya mchanganyiko unaopakwa, na umekataza kabisa kuipaka kwenye ngozi. Sisi tunaichora mikononi mwa maharusi na kuiita piko.

Shangazi yangu alichorwa piko kwenye harusi ya mwanawe. Siku ya tatu ua lote likainuka malengelenge, jani kwa jani, kama limetarizwa kwa maji. Likapona, likabaki alama. Mwaka uliofuata akapaka kanta kichwani kama alivyozoea tangu ujana wake; asubuhi macho hayakufunguka, masikio yanatiririka maji. Kanta ilikuwa ile ile. Mwili ndio uliokuwa umeshafundishwa na piko kuichukia, na ukishajifunza hausahau. Kwa hiyo uliyewahi kuvimba kwa piko, kufunika kwa rangi hizi kumekupita. Si la kujaribu tena kwa kipimo kidogo.

Msidhani kuchanganya ni salama kwa vile rangi yake ni nyepesi. Rangi hafifu nazo nyingi zina PPD au ndugu yake, na ukizipaka zinagusa ngozi ya kichwa vile vile. Nafuu iko kwenye hailaiti: fundi anazikunja nyuzi kwenye karatasi ya foili, blichi haifiki kichwani akiwa makini, na blichi yenyewe haina PPD. Inachokula ni nywele, tutafika huko. Njia yoyote unayochagua, paka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 48, hata kama boksi ni lile ulilotumia mwaka jana. Na nyusi na kope ziacheni jamani.

Kuhusu saratani, ambayo huulizwa kila kikao: mwaka 2010 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kazi ya fundi anayeshinda ndani ya rangi hizi kwenye kundi la hatari inayodhaniwa, lakini kwa mtu anayejipaka mwenyewe likasema ushahidi hautoshi kuamua. Anayestahili kuogopa zaidi basi ni yule binti asiyevaa glovu, si wewe uliyekaa kwenye kiti chake. Mnunulie.

Nywele zenye dawa

Kufunika nywele zenye dawa kunawezekana, ila dawa na rangi zisikutane siku moja. Ziachanishe wiki mbili walau. Ukipaka rangi kila mwezi, paka mashina tu. Kupitisha hadi ncha kila mara kunazifanya ncha kuwa kavu na nyeusi kuliko juu.

Rangi hafifu ni rafiki wa nywele zenye dawa. Blichi ni adui yao. Mimi nililipa ada ya somo hilo. Fundi mmoja, jina nakaa nalo, alinitia hailaiti wiki ile ile niliyoweka dawa, kwa kuwa nilikuwa na safari na nilimharakisha. Siku mbili baadaye nilipitisha kitana kisogoni na kitana kikarudi na nywele zake, zimekatika pale pale blichi ilipoanzia. Nilifunga mtandio hata kulala. Mwenye nywele za asili ana nafasi zaidi, lakini ajue nywele nyeusi ikipunguzwa hupitia rangi ya chungwa kabla ya kufika kwenye mwanga, na fundi asipoituliza kwa rangi nyingine inayopakwa juu yake utatoka kama kamba ya katani iliyolowa chai. Jua letu na maji ya chumvi ya Raskazone huirudisha ile chungwa mapema, basi siku ya kuogelea paka mafuta ya nazi kwanza na uoshe maji baridi ukitoka.

Safari na mfuko

Bei za saluni zinapanda na kushuka, kwa hiyo hesabu safari. Anayefunika na asiyetaka mpaka uonekane anarudi kila wiki tatu au nne, yaani mara 13 hadi 17 kwa mwaka. Anayechanganya anarudi kila wiki nane hadi kumi na mbili, mara nne mpaka sita. Lakini safari moja ya kuchanganya ni ndefu na ghali, kwa hailaiti unaweza kumaliza asubuhi nzima kwenye kiti, wakati kanta ya unga unakoroga kwa maji nyumbani, dada yako anakupaka kisogo, na umemaliza kabla wali haujaiva. Ukifanya nyumbani, kufunika ni rahisi mno. Ukifanya saluni, mwisho wa mwaka gharama za njia hizi mbili zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani.

Fundi wa kufunika yuko kila mtaa. Wa kuchanganya tafuta. Mwombe akuonyeshe picha za vichwa alivyofanya vyenye nywele kama zako, zilizopigwa nje, mwangani. Akikuonyesha picha za wazungu, shukuru uondoke.

Bibi zetu na hina

Niliahidi moyoni kutoacha hili. Hina haipunguzi weusi. Ukiipaka kichwa kizima, nywele nyeusi zinabaki nyeusi zenye mng'ao mwekundu ukikaa juani, na mvi peke yake ndizo zinazogeuka shaba. Bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Pangani, alikuwa na kichwa hicho: nyuzi za shaba kati ya nyeusi, zikiongezeka mwaka hadi mwaka. Alikuwa akichanganya mvi miaka hamsini kabla sijalisikia neno hilo saluni.

Ubaya wake: zikiwa nyingi utakuwa na kichwa cha chungwa, haitoki, unasubiri ikue, na ukitaka hailaiti baadaye, hina ya pakiti iliyotiwa chumvi za madini inaweza kuchemka na dawa ya fundi. Mwambie ukweli. Hina inayoandikwa "nyeusi" na kushika upesi si hina tupu, turudi kwenye habari za shangazi.

Wanaoipenda hina wana sababu nyingine, na Tanga haikwepeki. Aliletwa mzee Abu Quhafa, babake Abubakar, siku Makka ilipofunguliwa mwaka 630, kichwa na ndevu vyeupe pe, Mtume akaagiza vibadilishwe rangi na weusi uepukwe. Wanazuoni wametofautiana kama weusi ni haramu au makuruhu, na mimi si wa kuwaamulia, muulize sheikh wako. Lakini atakayejizuia na weusi kwa dini bado ana hina, ana kahawia, na ana kuchanganya. Mlango uliofungwa ni mmoja tu.

Wanaume msione aibu kuusoma ukurasa huu. Ndevu fupi hazifichi shina jipya, siku ya ishirini yenu huja mapema. Mzee mwenye kichwa cheupe na ndevu nyeusi tii anajulikana tangu anapotokea kona. Kwenu rangi hafifu ya kahawia, dakika tano kwa kinyozi, inakaa vizuri kuliko kanta.

Kwa hali yako

Kama nywele zako zinaonekana nyumbani na harusini tu, ushungi ukivuliwa ukumbi wa wanawake, siku ya ishirini haikuhusu sana. Funika wiki ya shughuli, ukiwa umeshapima nyuma ya sikio, na upumzike mpaka shughuli nyingine.

Kama unakaa kichwa wazi kazini kila siku, mvi ni tatu au nne katika kumi, na unachukia kurudi saluni, anza na rangi hafifu, namba 3 au 4. Usipoipenda itafifia yenyewe baada ya kuosha mara ishirini na kitu. Hailaiti iwe hatua ya pili.

Kama una miaka 28 na mvi zimekuja kwa vishindo, unaweza kufunika bila kuulizwa na mtu, ila pima damu kwanza. Kwa Waafrika mvi kabla ya 30 huhesabiwa kuwa za mapema. Mara nyingi ni urithi, lakini upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingoni navyo huzileta.

Kama umefunika miaka na umechoka, usikate shauri siku moja. Acha mashina yakue vidole viwili chini ya kilemba, kisha nenda kwa fundi wa hailaiti. Kama nywele zina dawa, kata ncha nyingi uwezavyo na utumie michirizi michache mno, au acha dawa kwanza.

Kama uliwahi kuvimba kwa piko au kanta, zungumza na daktari wa ngozi kabla ya rangi yoyote. Huenda zikabaki hina tupu na hailaiti ya foili isiyogusa kichwa.

Kama huna hakika, nenda saluni siku ya kazi, asubuhi, fundi hajachoka. Usimwambie "nataka kuficha mvi", maana atafungua kanta. Mwambie mvi ni ngapi katika kumi pale panja na kisogoni, mara ya mwisho uliweka dawa lini, umewahi kupaka hina au la, na unaweza kurudi baada ya wiki ngapi. Halafu mtandio mweupe uache nyumbani.